Punje Sita na Kipimo cha Posho

Lugha yetu ya Kiswahili haimruhusu mtu kuuzungumzia mpunga ovyo ovyo. Ukiwa shambani, pamoja na maji yake na ndege wake, huitwa mpunga. Ukishatwangwa na kupepetwa, maganda yakaondoka, huwa mchele. Ukipikwa na kupakuliwa sahanini, ni wali. Mgeni anayejifunza lugha hii hulalamika kwamba tumembebesha majina matatu ya kitu kimoja. Lakini mama yeyote aliyepata kusimama mbele ya kinu ajua kuwa hicho si kitu kimoja hata kidogo. Kati ya mpunga na mchele pana jasho. Kati ya mchele na wali pana kuni, maji na subira.

Wachina nao hawakubali kuvichanganya vitu hivyo. Mmea wa shambani una jina lake, chakula kilichoiva kina jina lake, na katikati, mahali pale pale tunapouweka mchele sisi, wao wameliweka neno mi. Alama ya neno hilo katika maandishi yao ni hii: 米. Binti yangu, ambaye hujifunza Kichina, ndiye aliyenionyesha kwa mara ya kwanza. Niliitazama nikaona msalaba tu, na vistari vinne vimeuzunguka penye pembe. Mchele sikuuona. Basi nikataka kujua ni nani aliyeuona mchele mahali hapo, na lini. Na swali hilo dogo limenipeleka mbali kuliko nilivyotazamia.

Mwaka 1899 wasomi wa China walianza kutambua kwamba mifupa ya kale iliyokuwa ikiuzwa katika maduka ya dawa ilikuwa na maandishi. Ilikuwa mifupa ya mabega ya ng'ombe na magamba ya kobe, nayo ilitoka karibu na Anyang katika jimbo la Henan, palipokuwa mji mkuu wa wafalme wa ukoo wa Shang yapata miaka 3,200 iliyopita. Wafalme hao walikuwa wakiuliza mizimu ya wazee wao juu ya vita, magonjwa, mvua na mavuno. Mfupa ulitiwa moto hata ukapasuka, na nyufa zake zikasomwa kuwa jibu. Kisha swali lenyewe likachongwa mfupani. Waliuliza juu ya mavuno mara nyingi sana. Hata neno lao la mwaka, nian, liliandikwa kwa picha ya mtu aliyejitwika nafaka mgongoni, maana mwaka kwao ulikuwa ni kile kilichofika nyumbani kutoka shambani.

Katika mifupa hiyo alama ya mi haina msalaba. Pana mstari mmoja uliolala, juu yake vitone vitatu, na chini yake vitone vitatu. Basi, ni punje sita. Kuhusu mstari wa katikati wataalamu hawasemi kwa sauti moja: wengine waona bua la suke, wengine waona kitu cha kuchekechea. Mimi, kwa kuwa nimeshika ungo tangu utotoni, nawaunga mkono hao wa pili, ingawa sina elimu ya kubishana na mtu. Baadaye, kwa jinsi mkono wa mwandishi upendavyo haraka, vitone viwili vya katikati, cha juu na cha chini, viliungana vikawa mstari uliosimama. Punje nne zikabaki penye pembe. Ndiyo ule msalaba nilioonyeshwa.

Hapana budi kusema pia kwamba punje hizo sita pengine hazikuwa mchele wetu huu. Anyang iko kaskazini, na nafaka kuu ya huko wakati ule ilikuwa ya punje ndogo, jamii ya uwele na ulezi. Mpunga ulikuwa mazao ya kusini, katika bonde la mto Yangtze. Mwanachuoni Xu Shen, aliyekamilisha kamusi yake mashuhuri mwaka 100 baada ya Kristo, aliieleza mi kuwa ni kiini cha nafaka hiyo ndogo ya kaskazini. Naye aliyasema hayo bila ya kuona hata mfupa mmoja wa Anyang, kwa kuwa mifupa yote ilikuwa bado chini ya ardhi. Kwa hiyo maana ya asili ya mi ni nafaka yoyote iliyokwisha kuvuliwa ganda. Hata leo nafaka ile ya punje ndogo huitwa mi ndogo. Na mahindi, yaliyoletwa kutoka bara la Amerika katika karne ya 16, waliyaita mi ya jade, yaani ya jiwe lile la thamani wanalolipenda kuliko dhahabu. Sisi tuliyaita mahindi, kana kwamba yalitoka India! Nafaka ngeni haikosi kupewa ukoo wa kubuni.

Kuna maelezo mengine ya alama hii yapendwayo sana Uchina na Japani. Husemwa kwamba ukiigawanya utapata tarakimu za nane, kumi na nane, yaani 88, na kwamba maana yake ni kuwa punje ya mchele hupitia kazi 88 kabla ya kufika kinywani. Wajapani huutaja umri wa miaka 88 kuwa ni umri wa mchele, na mzee aliyeufikia hufanyiwa sherehe. Kama historia, maelezo hayo ni ya uongo. Mifupa ya Anyang yaonyesha vitone, wala si tarakimu. Hata hivyo siwalaumu wanaowasimulia watoto, maana mtoto aliyeambiwa juu ya kazi 88 hamwagi wali chini.

Alama ya mi ikishakuwa imara, ilianza kuzaa. Wachina huunga alama mbili au tatu kupata neno jipya, na popote ionekanapo mi ubavuni, ujue kuna habari ya nafaka humo. Mi pamoja na alama ya kugawanya huwa fen, yaani unga. Xu Shen asema kwamba fen ilikuwa ni poda ya kupaka usoni, kwani wanawake wa kale walisaga mchele wakajipamba nao. Mi pamoja na alama ya rangi ya kijani kibichi, iliyowekwa hapo kwa ajili ya sauti, huwa jing. Hapo kwanza jing ilikuwa mchele uliochaguliwa chuya zote, mweupe na safi. Baadaye neno hilo likapanda cheo, likawa na maana ya kiini cha kila kitu kilicho bora; na kikosi cha askari hodari waliochaguliwa mmoja mmoja huitwa kwa Kichina askari wa jing. Ndugu zetu wa vikosi maalumu wasione haya wakiambiwa kwamba asili ya sifa yao ni ungo wa jikoni.

Lakini neno lililonishika na kunizuia ni liang. Huandikwa hivi: 糧. Upande wa kushoto pana mi. Upande wa kulia pana alama ya kupima. Nafaka iliyopimwa. Ni chakula cha safari, chakula cha jeshi, chakula anachogawiwa mtu kutoka ghalani kwa hesabu maalumu. Sikuhitaji kamusi kulipata neno letu, kwa sababu nimelelewa nalo: posho. Na kama vile askari asemavyo kuwa anakula posho ya serikali, Wachina wa zamani walisema juu ya mtu aliyeingia jeshini kwamba anakula liang. Hapa Uganda tumekwenda hatua moja zaidi, maana posho limekuwa jina la chakula chenyewe, ule ugali wa mahindi, hata mtoto asiyejua kambi ni kitu gani huomba posho mezani.

Mimi nimezaliwa katika nyumba za polisi. Baba alikuwa konstebo, na kila mwisho wa mwezi mama alikwenda bohari na wake wengine, kila mmoja na mfuko wake, kupokea unga na maharage. Mtunza bohari alikuwa na kopo la bati. Alilijaza, kisha akapitisha kiganja juu yake kusawazisha. Lakini kiganja chake kilikuwa kimepinda kama upawa, na kila alipokipitisha kilichota unga kikaurudisha guniani. Wake wote walikiona kiganja kile, na hakuna aliyesema, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mume mwenye nambari na cheo, na malalamiko ya mke huandikwa katika faili la mume. Mwezi mmoja mama alikwenda na kopo la kwake, la kipimo kile kile, na kipande cha ubao ulionyoka. Alipokwisha kupokea fungu letu alikaa chini palepale mlangoni, akatandika kanga, akapima upya mbele ya watu wote, polepole, akihesabu kwa sauti. Makopo 20 yalitoka 17. Hakumtukana mtu. Alifunga mfuko wake akarudi nyumbani.

Baba alikasirika sana. Hakukasirika kwa kuwa mama alisema uongo. Alikasirika kwa kuwa alikuwa na hofu, na hofu ya mwanamume mwenye watoto watano mara nyingi huvaa nguo za hasira. Kwa wiki nzima alizungumza na mama kwa kupitia kwetu sisi watoto. Mtunza bohari yule alihamishwa baada ya miezi kadhaa, lakini hatukuambiwa kama ni kwa sababu ya ubao wa mama au ni uhamisho wa kawaida. Aliyemfuata alikuwa na kiganja kilichonyoka.

Kwa hiyo nilipoiona alama ya kupima imekaa ubavuni mwa mchele, sikuitazama kama pambo. Nilitaka kujua Wachina hao wa kale walikipimaje, na ni nani aliyekilinda kipimo.

Katika jumba la makumbusho la Shanghai kimehifadhiwa chombo kidogo cha shaba nyeusi, mfano wa sanduku lisilo kifuniko, chenye mkono wa kushikia. Kilitengenezwa mwaka 344 kabla ya Kristo kwa amri ya Shang Yang, waziri wa dola ya Qin. Hicho ni sheng moja, nayo ni sawa na robo lita kasoro kidogo. Haifiki hata nusu ya kibaba. Maandishi ya ubavuni yataja mwaka na ukubwa wake. Miaka 123 baadaye, mwaka 221, mfalme wa Qin alipozishinda dola nyingine zote na kujitangaza mfalme wa kwanza wa China nzima, amri yake ya kuunganisha vipimo ilichongwa katika kitako cha chombo kile kile. Sheng 10 zilifanya dou moja, na dou 10 zikafanya shi moja, yapata lita 20, yaani kama debe letu na chembe ya nyongeza.

Tena hawakutegemea wema wa watunza ghala. Mwaka 1975, mahali paitwapo Shuihudi katika jimbo la Hubei, kulifukuliwa kaburi la afisa mmoja wa Qin, na ndani yake vipande vya mianzi zaidi ya 1,000 vilivyoandikwa sheria. Mojawapo yahusu kipimo cha dou. Kikionekana kimekosea kwa nusu sheng au zaidi, yaani sehemu moja katika 20, afisa mwenye dhamana hutozwa fedha ya thamani ya deraya moja. Kosa likiwa dogo kuliko hilo, lakini si chini ya theluthi ya sheng, hutozwa thamani ya ngao moja. Dola ya Qin ilikuwa kali, na katika mambo mengi ilikuwa ya kikatili. Sina nia ya kuisifu. Ila naona kwamba waliotunga sheria ile walijua kiganja kinavyopinda. Kwa kukata makopo 3 katika 20, mtunza bohari wetu angelipa deraya, tena hata mara tatu hangelalamika.

Zipo pia habari za familia. Kandokando ya jangwa la Gobi, mahali paitwapo Juyan, askari wa ukoo wa Han waliomfuata Qin walilinda mpaka wa kaskazini kwa minara ya moto. Ukame wa huko ulihifadhi daftari zao za mbao kwa karibu miaka 2,000. Vipande 10,000 hivi vilipatikana mwaka 1930 na 1931, na vingine vingi zaidi katika miaka ya 1970. Humo mna orodha za posho: askari fulani, wa mnara fulani, amepokea nafaka ya mwezi shi 3, dou 3 na sheng 3 na theluthi. Hesabu hiyo yaonekana ya ajabu. Kwa nini theluthi? Jibu liko katika kinu. Kwa hesabu ya serikali yao, shi 10 za nafaka yenye maganda zilitoa shi 6 za mi. Basi piga hesabu mwenyewe, msomaji: shi 3 na theluthi, ukizitwanga, hupata shi 2 kamili za nafaka safi. Aliyeiandika orodha alijua kwamba mpunga si mchele. Kama askari angestahili shi 2 za mi akapewa shi 2 zenye maganda, angeibiwa sehemu mbili katika tano na gunia likionekana limejaa vilevile.

Orodha nyingine ni za wake na watoto walioishi pamoja na askari hao mpakani. Mke huandikwa jina lake na umri wake, na chini yake shi 2 na ziada. Watoto nao wameandikwa kwa umri. Mvulana aliye chini ya miaka 7 alipewa shi moja na nusu na ziada kidogo. Msichana wa rika hilo hilo alipunguziwa nusu shi. Mtoto wa kike wa miaka mitano hana njaa ndogo kuliko kaka yake, na mwandishi wa orodha, ambaye pengine alikuwa na binti nyumbani, alijua hivyo kama nijuavyo mimi. Hata hivyo jina la msichana limo. Mtoto ambaye jina lake limo katika orodha ana kitu cha kudai.

Ukoo wa Han ulipokuwa unaanguka, katika karne ya pili ya kuingia ya tatu, alitokea jemadari aitwaye Cao Cao, ambaye jina lake lajulikana na kila mtoto wa China. Husimuliwa kwamba safari moja ya vita chakula kilimpungukia. Akamwita faraghani afisa wa ghala akamwuliza la kufanya. Yule akashauri wagawe kwa kipimo kidogo. Cao Cao akasema ni vema. Askari walipogundua, wakaanza kunung'unika kwamba jemadari anawaibia. Ndipo akamwita tena afisa yule, akamweleza kwamba yuko kitu kimoja tu kitakachowatuliza askari, nacho ni kifo chake. Akamkata kichwa, akakitundika mbele ya jeshi na tangazo kwamba huyu ndiye aliyetumia kipimo kidogo akaiba nafaka ya serikali. Kisa hiki kiliandikwa kwanza na watu wa dola iliyokuwa adui wa Cao Cao, basi yafaa kukipokea kwa tahadhari. Mimi nashangazwa na jambo moja ndani yake: ya kwamba aliyekisimulia, wala hakumpenda jemadari, hakuona haja ya kueleza kwa nini askari walikasirika. Kila msikilizaji alielewa. Jeshi lilivumilia baridi, mwendo mrefu na mishale, likakataa kopo lililopunguzwa. Mwaka 1882 mjini Seoul, katika Korea, askari waliokaa miezi 13 bila malipo waliletewa mchele wa mwezi mmoja, nao umechanganywa na mchanga. Waliasi, na mji mkuu ukawaka moto.

Katika China ya leo alama ya liang imebadilika sura. Serikali ilipofanya maandishi kuwa mepesi, katika miaka ya 1950, ilichagua namna fupi iliyokuwa ikitumiwa na watu wa kawaida tangu zamani: 粮. Mi imebaki. Alama ya kupima imeondolewa, na mahali pake imewekwa nyingine yenye sauti ile ile, ambayo maana yake ni njema. Watoto waliponea mistari kadhaa ya kuandika, na hilo ni jambo la kushukuru, maana Kichina ni mzigo mzito kwa mkono wa mtoto.

Mwaka 1955 serikali hiyo ilianza kutoa vyeti vya liang kwa watu wa mijini. Bila ya cheti hukuweza kununua wali, mkate wala tambi, hata ukiwa na fedha mfukoni. Mji wa Shanghai ulikuwa na cheti cha gramu 25 tu, cha kununulia andazi moja la asubuhi. Kwa upande huo kipimo kilikuwa kamili hata kwa andazi. Lakini vijijini mambo yalikwenda namna nyingine. Mwaka 1958 viongozi wa wilaya walishindana kutangaza mavuno makubwa kuliko yaliyokuwamo ghalani, na serikali ikadai fungu lake kwa hesabu ya tangazo, si kwa hesabu ya ghala. Kutoka mwaka 1959 mpaka 1961 mamilioni ya watu walikufa kwa njaa, na wengi wao walikuwa wakulima wenyewe, waliokuwa na jembe mkononi na hawakuwa na cheti. Kiganja kilichopinda safari hii kilikuwa kinaongeza badala ya kupunguza, na unga uliopotea ulikuwa ule ule.

Vyeti hivyo viliendelea kutumika mpaka mwaka 1993, vikafutwa kwa kuwa chakula kilikuwa tele na hakuna aliyevihitaji. Sasa watu huvikusanya kama stempu. Binti yangu alinitumia picha ya kimoja, cha karatasi nyembamba isiyozidi upana wa vidole viwili, na akaniuliza ni alama ipi ninayopendelea aniandikie kwa wino nitundike jikoni, ile fupi au ile ndefu. Nilimwambia aandike ndefu. Taiwan na Hong Kong bado huiandika hivyo, kipimo kikiwa kando ya mchele.